Umeombwa umfundishe mama wa dukani kuuza online? Soma hapa kwanza

Ukishajulikana mtaani kwamba we ni mtu wa simu simu basi umekwisha, kila mwenye fremu atakuita. Dada wa saluni, fundi sofa, mama wa vitenge, yule kaka wa mitumba, wote ombi lao moja: "nifungulie Insta na mimi niuze online." Na we kwa moyo mzuri unachukua simu, dakika kumi akaunti imefunguka, umeweka na picha tatu, anafurahi, anakununulia soda. Pita tena baada ya miezi miwili uone. Picha ni zile zile tatu, paswedi hakuna anayeikumbuka, na kuna watu kibao walituma meseji kuuliza bei hawajajibiwa mpaka leo.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili yako wewe unayeombwa kufundisha, iwe unalipwa au ni udugu tu. Kufungua akaunti ndo kazi ndogo kuliko zote. Kazi kubwa ni yeye aweze kumjibu mteja wa kwenye simu kama anavyomjibu aliyesimama mbele ya kaunta, na aweze kwa mkono wake, we ukiwa haupo.

Siku ya kwanza acha simu mfukoni

Kaa dukani kwake saa moja au mbili na kidaftari, sikiliza tu wateja wanauliza nini. Utashangaa maswali ni machache na yanajirudia balaa. Bei gani, ipo saizi yangu, mwisho shilingi ngapi, mko wapi, mnatuma mkoani, nalipaje. Andika vile vile wanavyosema. Hayo maswali ndo somo lako lote, chochote utakachomfundisha kama hakijibu mojawapo ya hayo maswali kiache kwanza, kitakuja baadae au hakitakuja kabisa na wala hakuna tatizo.

Ukimaliza hapo ndo omba kuangalia simu yake, na mwache aishike yeye. Vitu vya kukagua kabla ya yote: memori imejaa au ina nafasi, maana simu iliyojaa video za magrupu haitapiga picha hata moja ya bidhaa. Laini imesajiliwa kwa jina la nani, hapa mpigishe *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wengi wanatumia laini ya mdogo wao au ya mtu aliyeshahama mji, siku laini ikipotea hawezi kuirudisha na WhatsApp ya biashara inaenda nayo. Alafu email. Simu nyingi za mtaani Gmail ilifunguliwa na yule yule aliyeuza simu, mwenye simu hata hajui kama anayo. Mfungulieni mpya, paswedi aandike mwenyewe kwenye daftari la nyumbani, sio la dukani linaloshikwa na kila mtu. Najua wataalamu watasema paswedi haiandikwi kwenye karatasi. Wao hawajakutana na mama aliyepoteza akaunti tatu.

Anza na WhatsApp Business, hiyo hiyo

Mi naona wengi wanaanza na Insta kwa sababu inaonekana ndo biashara, wakati mama mwenyewe WhatsApp anaijua, anatuma voisi siku nzima kwa ndugu zake. Hapo tayari nusu ya safari ameshatembea. WhatsApp Business ni ya bure, ilitoka 2018, ina alama ya B badala ya simu. Namba moja inakaa kwenye programu moja tu, kwa hiyo kama ana laini moja atahamia moja kwa moja na chati zake zinahama nae, ila fanyeni bakapu kwanza kwa sababu kurudi kwenye ya kawaida na chati zako zote ni shughuli. Kama ana laini mbili, moja iwe ya biashara, WhatsApp ya kawaida ibaki na mambo ya familia na vikoba, simu moja inabeba zote mbili bila shida.

Mkishaingia msikimbilie kila kitu. Jaza jina la biashara, saa za kufungua na kufunga, na mahali. Kwenye mahali usiandike "Dar es Salaam" tu ukaona umemaliza, andika kama anavyomwelekeza mtu kwa mdomo, kituo gani cha daladala, mkabala na nini, fremu ya ngapi. Na kama nyumba ina kibao cha anwani za makazi weka namba na jina la mtaa, boda wa kuleta au kuchukua mzigo atawashukuru.

Alafu chukua lile daftari la maswali. Kuna kitu kinaitwa majibu ya haraka, unaandika jibu mara moja unaliwekea kifupi chake, ukiwa kwenye chati ukiandika / na kile kifupi, jibu zima linatokea. Yale maswali ya dukani sasa kila moja liwe na jibu lake. /mkoani litoe maelezo ya kutuma mzigo, /lipa litoe lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo, na jina litakalotokea, /wapi litoe maelekezo. Hapa ndo pa kukaa muda mrefu kuliko sehemu yoyote, na majibu ayatunge yeye kwa mdomo wake, we usimwandikie yale ya "Habari mteja wetu mpendwa, tunathamini sana". Kama dukani anasema "karibu mpenzi, hiyo elfu kumi na tano, mwisho kumi na nne", basi na kwenye simu aseme hivyo hivyo. Kama kuandika kunamsumbua mwonyeshe kile kipaza sauti cha kibodi, aongee simu iandike, Kiswahili kinakubali japo majina ya vitambaa inayaharibu kidogo itabidi arekebishe.

Ujumbe wa salamu nao uwekwe, unajituma wenyewe kwa mtu anayeandika mara ya kwanza au aliyekaa kimya siku 14, ila uwe mfupi na uwe na kitu ndani, kwa mfano saa anazojibu na kwamba bei zipo kwenye katalogi, ile orodha ya bidhaa na picha zake iliyomo humo humo WhatsApp Business. Salamu tupu isiyofuatiwa na jibu inaudhi kuliko kimya.

Lebo watu wengi wanazipita na mi naziona ni dhahabu. Unaweza kumwekea kila mteja rangi yake: kauliza, kalipa, anadaiwa, mzigo umetoka. Mama ambaye madeni yote yapo kichwani ukimwonyesha hii anaelewa papo hapo bila maelezo mengi.

Katalogi na stetasi sasa inategemea anauza nini, na hapa walimu wengi wanachemka kwa kufundisha somo moja kwa watu wote. Mwenye bidhaa zinazojirudia, vipodozi, vyombo, mashuka, viungo, huyo katalogi inamfaa, anaweka picha, bei na maelezo mara moja na anabadilisha bei ikipanda. Kaka wa mitumba pale Karume anafungua belo, kila nguo ni moja tu haina pacha wake, ukimwambia aweke katalogi unamchosha bure, nguo ikishauzwa picha bado ipo watu wanaendelea kuuliza. Huyo ni stetasi. Apige picha asubuhi baada ya kuchambua, aweke saizi na bei juu ya picha, stetasi inafutika yenyewe baada ya saa 24 na belo la kesho lina mambo yake. Mama lishe nae hahitaji katalogi, anahitaji kutaja leo kuna nini kabla watu wa ofisini hawajaamua watakula wapi, kwa hiyo saa nne asubuhi posti ya wali maharage, samaki, mboga mboga na bei, na oda zifungwe saa sita kasoro ili asipikie hewa.

Brodkasti pia ni nzuri kwa mama lishe na kwa wenye wateja wa kudumu, orodha moja inabeba watu 256, ujumbe unafika kwa kila mmoja kama kaandikiwa peke yake. Ila lazima mteja awe amesevu namba ya muuzaji la sivyo hafikiwi, na hili halisemwi popote pakaeleweka, watu wanatuma mwezi mzima wakidhani wateja wamewasusa. Dawa yake ni kumwambia mteja pale pale anapolipa, "sevu namba yangu nikuwekee kwenye orodha, mzigo mpya ukifika uone kwanza." Na asitume kila siku. Watu wanabloku.

Kuhusu hili la "bei njoo DM"

Nitasema ninavyoona. Weka bei. Hoja ya wanaoficha naijua, wanaogopa jirani mwenye fremu ataiga, au wanataka mteja aingie inbox waanze maelewano. Jirani bei yako anaijua, anamtuma mtoto kuja kuuliza. Na mteja anayeona picha tano kutoka maduka matano na moja tu ina bei, anaanza na hiyo moja. Kwa biashara za kupima kama sofa au nguo za kushona ambazo bei inategemea kitambaa, weka ya kuanzia, "kuanzia elfu themanini", hapo mwenye elfu ishirini hakusumbui na mwenye laki mbili anajua amefika. Mwanafunzi wako akigoma msilumbane, mwambie ajaribu bidhaa tano ziwe na bei na tano zisiwe nayo alafu mwisho wa wiki ahesabu zipi zimeuzwa.

Picha

Hapa sitasema mengi. Futa kioo cha kamera, kimejaa mafuta ya mikono. Toka nje ya fremu au sogea mlangoni, mwanga wa asubuhi unashinda taa ya dukani. Ondoa ndoo, ndala na chupa za maji nyuma ya bidhaa. Weka kitu kinachoonyesha ukubwa, mkono au kikombe. Programu za kupamba picha na kukata video kama Canva na CapCut zipo za bure atajifunza akitaka, ila picha ya kweli isiyo na urembo inauza kuliko bango lenye rangi saba na maandishi ya kumeta meta. Na asichukue picha za duka la China akaweka kama zake, mteja akiletewa kitu tofauti anakuanika kwenye magrupu yote.

Dada wa saluni ana jambo la ziada, anapiga picha vichwa vya watu. Aombe ruhusa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria kuna dada aliyemwambia bosi wake anaumwa wakati yupo anasukwa rasta, sasa we mrushe stori uone. Apige kwa nyuma, misuko inaonekana vizuri tu.

Ramani ya Google kwa wenye mahali pa kudumu

Fundi fenicha wa Keko, saluni, gereji, duka la dawa za mifugo, hawa wateja wao wanatafuta. Mtu anaandika "mafundi sofa karibu yangu" na asiyekuwepo kwenye ramani hayupo. Profaili ya biashara ya Google ni bure, mnajaza jina, namba, saa, picha, alafu Google wanataka uhakika kwamba mahali papo, siku hizi mara nyingi wanaomba video: unaonyesha mtaa, bango la duka, unafungua mlango na ufunguo wako, unaonyesha vifaa vya kazi. Mpange kabla ya kurekodi maana inatakiwa iende bila kukata, na bando liwe la kutosha kuipandisha. Akikataliwa anarudia. Na mtu yeyote atakayempigia kusema "lipia ili duka lako litokee kwenye ramani" ni tapeli.

Baada ya hapo kila sofa ikifika kwa mteja, fundi atume linki ya kuacha maoni siku hiyo hiyo mteja akiwa bado na furaha ya kukaa. Akisubiri wiki hapati kitu. Mmoja akiandika vibaya kwamba fundi alichelewesha, ajibu kwa adabu na aseme kilichotokea, ugomvi wa kwenye ramani unasomwa na wateja wote wajao.

Insta na TikTok sasa

Sasa ndo mfungulie kama bado anataka, kwa sababu ana pa kuwapeleka watu. Kwenye bio ya Insta, yale maelezo mafupi chini ya jina, ana herufi 150 tu, zitumike kusema anauza nini, yupo wapi, anatuma mikoani au la. Maneno ya "Mungu kwanza" yanaweza kukaa lakini yasile nafasi ya namba ya simu. Weka linki ya wa.me, inaandikwa wa.me/255 ikifuatiwa na namba bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha, mtu akiibonyeza anaangukia moja kwa moja kwenye chati. Ijaribuni kwa simu nyingine kabla hujaondoka, wengi wanasahau kutoa ile sifuri.

Na video asifundishwe kucheza kama hataki. Fundi akirekodi anavyogonga fremu ya sofa, mama wa vitenge akifungua robota, hiyo inatosha kabisa, watu wanapenda kuona kazi inafanyika.

Pesa na matapeli

Somo hili usiliache la mwisho akiwa amechoka, mi nalitaja hapa ila kwenye kufundisha liweke siku ya pili. Mfanyabiashara akianza kuonekana mtandaoni, matapeli nao wanamwona.

Awe na lipa namba badala ya kupokelea kwenye namba yake binafsi, M-Pesa, Mixx by Yas ambayo ndo Tigo Pesa ya zamani, Airtel Money, HaloPesa, yoyote yenye wateja wengi eneo lake. Mteja akiweka lipa namba jina la biashara linatokea kabla hajathibitisha, kwa mteja wa Mwanza ambaye hajawahi kukuona hilo jina ni nusu ya imani. Pesa ikiingia asiangalie skrinshoti aliyotumiwa. Skrinshoti inatengenezwa. Wala asiridhike na sms iliyoingia, kuna zinazotumwa kutoka namba za kawaida zimeandikwa kama za mtandao kabisa. Aangalie salio lake mwenyewe kila mara hata foleni ikiwa ndefu, hata mteja akinuna.

Namba sita za kuthibitisha WhatsApp hapewi mtu, hata akisema ni dada yake na namba ni ya dada yake kweli, maana ya dada inaweza kuwa imeshaibiwa na wezi wanaongea kwa sauti ya udugu. Washa uthibitisho wa hatua mbili, atachagua PIN yake ya tarakimu sita, isiwe tarehe yake ya kuzaliwa, na isifanane na ya M-Pesa. Zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" mwonyeshe namna ya kuiripoti kwenda 15040, ni bure.

Kutuma mkoani: mteja alipe kwanza, mzigo upelekwe stendi au ofisi ya basi, chukua risiti, pigia picha mzigo ukiwa umefungwa na picha ya risiti, tuma zote mbili kwa mteja pamoja na jina la basi na siku ya kufika. Gharama za basi nani analipa isemwe kabla, ugomvi mwingi wa biashara za online naouona ni buku tano ya basi.

Daftari lisitupwe

Wateja wote wa kudumu namba zao ziandikwe pembeni, jina na huwa ananunua nini. Oktoba 4, 2021 Facebook, Insta na WhatsApp zililala dunia nzima kwa saa kama sita. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikawa ya kubahatisha Tanzania na majirani. Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi ikazimwa kabisa kwa siku kadhaa. Mwenye namba kwenye daftari anaweza kutuma sms za kawaida au kupiga, asiye nazo atasubiri.

Tangazo la kulipia

Atakuuliza tu, "vipi ile ya kubusti?" Mjibu bado, mpaka kuna posti iliyoleta maswali yenyewe bila kulipiwa, hiyo ndo ya kuiwekea hela. Kulipia posti iliyododa ni kununua kudoda kwingi zaidi. Ikifika muda, malipo yanahitaji kadi, asiye na kadi ya benki anaweza kutengeneza kadi ya Visa ndani ya M-Pesa. Chagua lengo la kupata meseji, chagua mji anaoweza kufikisha mzigo badala ya nchi nzima, weka kiasi kidogo kwa siku chache alafu zima. Na ahesabu oda, laiki azisahau.

Wiki mbili baadae rudi, usimuulize "inaendaje" maana atakwambia vizuri tu kwa adabu. Kabla hujafika mtumie meseji kwa namba asiyoijua, uliza bei ya kitu alichoposti na kama anatuma Singida. Angalia anajibu baada ya muda gani, anatumia yale majibu yake au anaandika "ipo" tu ananyamaza. Ukifika, mwombe akufungulie chati ambazo hazijajibiwa mzipitie pamoja moja moja, za wanaodaiwa zipate lebo, katalogi yenye bei ya zamani irekebishwe na yeye mwenyewe we ukiwa umekaa na mikono yako mapajani. Akikwama mahali, rudieni hapo hapo. TikTok itasubiri.